Pimbi na Lori Lililoshiba Likishuka

Hapo zamani za kale, enzi ambazo milima ilikuwa bado ikikoroma usingizini, palikuwa na lori la umeme...

"Mjomba!" akadakia Nakijwa. "Zamani za kale umeme ulitoka wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko, hahaha! Nikakohoa. Mtu mzima, nimelala kila gesti ya barabarani kuanzia Tunduma mpaka Malaba, halafu nakamatwa na mtoto wa darasa la tatu.

"Basi ilikuwa juzi ya kale," nikasema. "Niacheni nisimulie kabla sijajikwaa tena."

Juzi hiyo ya kale, chini ya mlima uliovaa wingu kama kilemba, Bwana Ndovu alikuwa na yadi ya malori. Dereva wake mkubwa alikuwa Kifaru. Lori lake la dizeli likiwashwa, ngurrr! pwaa!, kuku wa jirani walisahau kutaga. Na dereva wake mdogo alikuwa Pimbi, yule mnyama wa majabali asiye na mkia, ambaye ilibidi akalie mito ili aione barabara.

Pimbi alikuwa ameliuza pango la ukoo wake, akanunua lori la umeme. Sasa mkewe na watoto walilala humo humo, nyuma ya kiti cha dereva. Lori likishindwa kazi, hawana tena jabali wala paa.

Lori lenyewe lilikwenda nziiii, kama nyuki anayeota. Watoto wa Pimbi wakilisikia, macho yalilegea, wakaota kwamba wanabebwa na upepo.

Kifaru hakuota. Alicheka.

"Lori gani halikohoi? Hilo ni feni! Nenda kalitundike darini, we pimbi!"

"Ndiye mimi," Pimbi akajibu. "Jina hilo nilipewa na mama, si tusi."

Asubuhi moja Bwana Ndovu akawaita wagawane njia. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikatiza mbuga, tambarare tupu, mwendo mrefu hadi ziwani. Ya pili ilipanda mlimani: lori linakwenda tupu, linashuka na mawe meupe ya chokaa.

Na yadi ile ilikuwa na desturi yake. Dereva akiiogopa njia, anapewa hiyo hiyo, ili akomae.

Pimbi akapiga hesabu. Aliijua mbuga. Betri za lori lake zilikuwa nzito kama mawe, lakini zingekata roho kabla ya ziwa, na huko njiani hapakuwa na waya wa kuchajia, palikuwa na nyasi na twiga.

"Mlima nipeni mimi!" Kifaru akanguruma. "Feni libaki tambarare!"

Hapo Pimbi akajitupa chini, pu! Akashika mguu wa Ndovu.

"Sawa kabisa, mzee wangu! Mpe Kifaru mlima! Nipeleke mbugani, nipeleke hata mwisho wa dunia, lakini ule mlima usinipe! Nikiuona tu, masikio yananicheza. Ile miteremko! Nikishuka na mawe yale si nitafika chini nikiwa uji?"

"Unauogopa?" Ndovu akauliza, masikio yakisimama.

"Nauota, mzee! Jana nimeamka nimeuma mto!"

"Umesikia, Kifaru?" Ndovu akasema. "Desturi ni desturi. Wewe huogopi kitu, nenda mbugani. Pimbi, mlima ni wako. Ukakomae."

"Mama yangu weee!" Pimbi akalia. Akafunika uso kwa viganja. Nyuma ya viganja, wanangu, meno yote yalikuwa nje.

Kifaru akamkatia matawi mabichi, kama madereva wafanyavyo gari likiharibika, akamtupia dirishani. "Shika! Ukikwama uyatandaze barabarani, tusije tukakugonga."

"Ahsante, kaka," Pimbi akasema. Watoto wake wakayala.

Lori likapanda tupu, jepesi, nziiii, likaingia ndani ya wingu. Huko juu hapakuwa na mbingu wala ardhi, weupe mtupu, na ndege walilala kwenye matawi wasijue kuwa gari limepita. Machimboni wakampakia mawe. Kisha Pimbi akaanza kushuka, akauondoa mguu kwenye pedali ya mwendo.

Mmewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo? Gurudumu likizunguka, taa inawaka, na baiskeli inakuwa nzito kidogo, sivyo? Basi lori lile lilikuwa dainamo tupu. Likishuka na mzigo, magurudumu yalizirudishia betri umeme, na huko kurudisha ndiko kulikokuwa breki. Mlima ulilisukuma, lenyewe likala. Lilipanda likiwa na njaa, likashuka likishiba, huku watoto wa Pimbi wakiota kuwa wingu limegeuka maziwa na wao wanaogelea.

Siku zikapita. Bwana Ndovu akaanza kuutazama waya wa kuchajia pale yadini. Buibui amejenga nyumba juu yake!

"Pimbi haji kuchaji," akanong'ona. "Anaiba umeme! Leo nitamfumania. Nikimkuta na waya wa wizi, yeye, mke, watoto na feni lao, wote nje!"

Akapanda mlima kwa miguu, hu-hu-hu, jasho likimtoka. Pimbi akamkuta machimboni, amekaa juu ya jiwe.

"Mwizi! Waya uko wapi?"

Pimbi akatetemeka, safari hii kweli. Halafu akaona tumbo la Ndovu, likampa wazo.

"Mzee wangu, panda nyuma, juu ya mawe. Tushuke wote. Ukiuona waya, nifukuze."

Ndovu akapanda. Lori likalalamika, nyiii! Wakashuka taratibu ndani ya weupe ule, na kupitia kioo cha nyuma Ndovu akaukodolea macho mshale unaopima chaji ya betri. Ukapanda. Ukapanda tena. Ndovu akatazama kulia, kushoto, chini ya miguu yake. Hakuna waya.

"Nani anajaza?" akauliza kwa sauti ya mtu aliye ndotoni.

"Wewe, mzee. Mlima na uzito. Leo tumeshiba kuliko siku zote."

Walipofika yadini Kifaru alikuwepo, vumbi la mbuga hadi kwenye pembe. Ndovu akamsimulia yote. Kifaru akainama, akachungulia chini ya lori akitafuta waya.

Mkubwa akicheka kabla ya kuuliza, wanangu, mdogo hupita katikati ya meno yake.

"Lakini Pimbi," Ndovu akasema kwa uchungu, "mbona hukutuambia tangu mwanzo kwamba mlima ndio unaolifaa lori lako?"

Pimbi akafungua mdomo atafute jibu la heshima. Mkewe akatoa kichwa dirishani, mtoto begani.

"Angewaambia, mngempa?"