Kibao cha Kwa Muamini

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, watu watatu waligombana chini ya kibao cha duka la kahawa pale Ngamiani, Tanga. Kibao kiliandikwa KWA MUAMINI. Duka lilikuwa linafungwa kabisa, na kila mmoja alitaka kuondoka nacho.

"Usikiguse," alisema Mbaruku, mchemsha kahawa.

"Nimekishika tu kisikuangukie, mjomba," alisema Saumu, mpwa wake, mwenye maduka.

"Kiacheni wote wawili," alisema Mzee Shemdoe, mnywaji kahawa wa hapo. "Jina tulilitoa sisi."

Nitawaeleza walivyofika hapo, na msinikatize.

Mbaruku alianza na dele moja la kuchemshia kahawa, jiko la mkaa na mabenchi mawili. Kahawa chungu, tangawizi ya kutwanga, kashata pembeni. Kahawa hiyo ilikuwapo mitaa yote. Cha kwake peke yake kilikuwa hiki: hakuhesabu vikombe. Ukiinuka, wewe mwenyewe unasema umekunywa vingapi, unalipa ulivyosema. Hakuulizi mara ya pili. Wanywaji wakapaita Kwa Muamini, na watu wakatoka Makorora, wakapita vijiwe vingine njiani, kuja kukaa mahali wanapoaminiwa.

Saumu akaona. Akafungua Muheza, akafungua Korogwe, akafungua Moshi. Tangawizi ile ile, jina lile lile, desturi ile ile. Muheza ikashika. Korogwe ikayumba. Moshi, pale stendi, msafiri anakunywa vinne anasema kimoja, na basi limeshapiga honi. Duka likala hasara. Saumu akaamuru: lipa kwanza, ndipo unywe. Akaamuru kote, hata Ngamiani, maana alisema jina moja haliwezi kuwa na sheria mbili.

Mbaruku akaambiwa. Akanyamaza. Akaanza kunyoosha mkono kabla mtu hajaketi.

Wanywaji wakalipa, wakanywa, wakaondoka. Hawakurudi. Maduka ya mbali yakajaa wapita njia. La Ngamiani likabaki na mabenchi yenye vumbi.

Sasa sikilizeni.

"Bila mimi jina hili lisingetoka mtaa huu," alisema Saumu. "Kuna watu wanalisha watoto kwa jina hili. Mlitaka niwafukuze kwa sababu ya desturi?"

"Kuamini kulikuwa kwangu," alisema Mbaruku. "Niliamini hata nilipodanganywa. Shemdoe, ndugu yangu, unadhani sikujua? Ulikunywa vitano ukasema vitatu, mwezi mzima wa msiba wa mkeo. Nilikuachia."

Mzee Shemdoe alitazama chini.

"Kweli. Nilikuibia. Na nilirudi kwa sababu ulijua na hukusema. Uliponinyooshea mkono sijaketi, ndipo nilipojiona mwizi. Ungemkatalia mpwa wako."

"Nawe ungenena. Mliondoka hata kwaheri hamna."

"Tulidhani utatufuata."

"Na mimi je?" alisema Saumu. "Nani aliniambia naharibu? Mjomba alikubali."

"Sikukubali. Nilinyamaza."

"Ulinilea wewe, mjomba. Lini ulininyamazia ukiwa na maana ya hapana?"

Fundi aliyeitwa kukibandua akakishusha kibao, akakilaza juu ya benchi, akauliza akipakie gari la nani. Wakatazamana. Pale walipokuwa wakicheka kutwa, hakuna aliyejua aanze vipi kusema samahani.

Mimi sitaki kusikia kwamba kila mmoja ana haki yake. Hilo ni jibu la mtu anayeogopa kununiwa na jirani. Mmoja alilifikisha jina mbali, akavunja kilicholibeba. Mmoja aliamini watu wote, akakosa ulimi mbele ya mtoto aliyemlea. Mmoja aliaminiwa, akadokoa, kisha akanuna alipoacha kuaminiwa. Na fundi bado amesimama na kibao.

Je, nani alistahili kukichukua? Hadithi mmeshaila. Sasa nilipeni: nipeni jina moja.