Bati Lililotobolewa Mara Moja

Huko Njombe fundi mmoja, Luvanda, alitengeneza mashine ya kupukuchua mahindi, ya kuzungusha kwa mkono. Watu walipomuuliza namna ya kuitumia, alikaa asubuhi nzima akitafuta maneno, kisha akayatoboa kwenye kipande cha bati ili ayapulizie rangi ubavuni mwa kila mashine: IKINASA, SIMAMISHA, INGIZA MKONO, TOA. Machache, na yote kweli.

Kisha akaitengenezea mashine hiyo dada yake, mashine ya kupura maharage. Nayo ilizungushwa kwa mkono. Akachukua bati lilelile, akapuliza, wala hakukosea.

Ndugu yao wa tatu alikuwa mashine ya kukatakata majani ya ng'ombe. Huyu alikuwa na mota, na nyuma ya kifuniko kulikuwa na kisu kilichofungwa kwenye gurudumu zito. Mkewe alimwona akilinyanyua bati. "Baba Faraja, na huyu unampa yaleyale?"

Luvanda akacheka. "Mke wangu, hawa ni ndugu, baba yao mimi. Nimtungie kila mmoja salamu zake kama wakwe?"

Rangi ikakauka vizuri. Hata mimi ninayesimulia ningeyasifu maandishi yale. Nimesifu mabaya kuliko hayo.

Aliyenunua mojawapo ya mashine hizo za majani ni mjane, Tulizo Mgaya, aliyeishi kwa maziwa ya ng'ombe wawili. Siku moja ikanasa. Akasoma, akazima mota. Kelele zikakoma. Akaingiza mkono. Lakini gurudumu zito halisimami mota inapozimwa. Huendelea kuzunguka kimyakimya, na kisu pamoja nalo. Vikaenda vidole vitatu vya mkono wa kukamulia.

Luvanda alimfuata hospitali na maneno mengi ya pole. Hakupata kuyasema. Mama yule alimtangulia, akasema, "Fundi, mimi nilisoma."

Alirudi akachukua brashi, akapita nyumba kwa nyumba akifuta maneno yale kwenye mashine za majani. Mashine nne hakuzipata. Zilikwisha kuuzwa mbali, na maneno yake ubavuni, yakisomeka vizuri.

Wenzangu tunaoandika maelezo ya programu za kompyuta, nami nikiwa wa kwanza kunakili maelezo ya amri moja ya kompyuta nikayabandika kwa amri nyingine, ndugu zake, kwa sababu zimefanana sura: ni nani kati yetu aliyefungua kifuniko cha yule wa tatu kabla ya kumpa maneno ya dada yake?