Bi Kidawa na Chuo cha Sultani

Hapo zamani, enzi ambazo hata wafalme walikuwa na nafasi ya kusikiliza kesi za sokoni, palikuwa na sultani aitwaye Nasoro, mtawala wa mji wa Shungumo. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kitu kilichoandikwa kuliko kitu chenyewe. Basi akajenga chuo cha mawe kando ya soko, vijana arubaini wafundishwe humo elimu ya kusimamia biashara. Wakasoma miaka saba. Wakasoma milango kumi na minne ya vitabu juu ya mizani, na mingine ishirini juu ya namna ya kuamrisha watumishi, na madirisha ya upande wa soko yakapigwa misumari ili makelele ya wachuuzi yasiwaharibie masomo.

Nje ya ukuta wa chuo hicho alikaa Bi Kidawa, mjane, mali yake chuma kimoja cha vitumbua na kaniki mbili. Watu walimwita punguani, kwa kuwa neno aliloambiwa alilichukua vilevile lilivyo. Jirani aliwahi kumwomba amwangalizie chungu cha maharage, naye akakiangalia mpaka kikaungua, akasema hakuambiwa akiepue. Lakini vitumbua vyake vilikwisha kabla jua halijapanda, na kwa vitumbua hivyo aliwalisha wanawe watatu.

Siku moja ikapigwa mbiu: tangu mwezi ujao hakuna atakayetua kapu sokoni ila mwenye shahada ya chuo. Shekhe Ghulamu, mkuu wa chuo, ndiye aliyemshauri Sultani hivyo, akisema kwamba baada ya miaka thelathini mji utaipita miji yote kwa utajiri, maana biashara yote itakuwa mikononi mwa wasomi. Bi Kidawa aliisikia mbiu hiyo upawa ukiwa mkononi, na hofu ikamwingia, kwani hata jina lake hakujua kuliandika. Akaepua chuma, akajifunga kaniki vizuri, akaenda barazani kwa Sultani.

Akapiga magoti, akaeleza shida yake. Kisha akaongeza kwamba amekaa chini ya ukuta wa chuo miaka saba, na hajamwona msomi hata mmoja aliyejua kununua kitumbua. Watu wa baraza wakacheka. Sultani hakucheka.

"Ewe mwanamke," akasema, "unakikejeli chuo changu, nawe hujui kesho yake. Basi niletee hiyo kesho. Nataka nikione chuo changu kitakavyokuwa baada ya miaka thelathini, nikione kwa macho yangu, Alhamisi hii, kabla sijala chakula cha mchana. Ukishindwa, wewe utakuwa wa kwanza kutoka sokoni. Ukiweza, mbiu naifuta."

Wazee wa baraza wakainamisha vichwa, wakimhurumia. Bi Kidawa akafikiri kidogo, akauliza, "Kabla hujala, Maulana?"

"Kabla sijala."

"Nimesikia na kutii. Naomba jambo moja tu. Alhamisi mpishi wako asiende sokoni. Waende wasomi wa chuo, wao wenyewe, wakakununulie chakula."

Shekhe Ghulamu akafurahi mno, akaona punguani amejichimbia kaburi, na Sultani akakubali.

Ikawa Alhamisi asubuhi vijana arubaini wakatoka kwa safu, kanzu zao nyeupe pe. Thelathini na mmoja walikuwa wasimamizi, wanane wasaidizi wa wasimamizi, na mmoja alibeba kapu. Bi Kidawa hakufanya hila nyingine yoyote. Alikaa penye chuma chake akichoma vitumbua.

Wakaanza kwa Mwanahawa, muuza nazi. Wakamuuliza bei, naye akataja bei kubwa, kama desturi, ili wateremke nayo pamoja. Msimamizi akatoa fedha palepale. Mwanahawa akashtuka. Katika soko la Shungumo mtu asiyepatana bei ni wa namna mbili tu: ama fedha si zake, ama amekuja kupeleleza. Akafunika nazi zake kwa mkeka, akasema hauzi. Muuza mchele kuona vile, naye akafunika. Wasomi wakafungua kitabu, wakakuta imeandikwa kwamba bei hupatanwa, wakamwendea muuza nyama wakaanza kumteremsha bila salamu, bila kumuuliza hali ya nyumbani. Muuza nyama akawauliza kama kwao kuna msiba, au adabu ndiyo iliyowapungukia. Basi wakaketi kufanya shauri. Shauri likazaa kamati, kamati ikaandika waraka, na walipoupiga muhuri, nyama ilikuwa imekwisha.

Adhuhuri ikaadhiniwa, sinia halikuja. Ikafika alasiri, tumbo la Sultani likinguruma hata walinzi wakajifanya hawasikii. Mwishowe akaja Shekhe Ghulamu na waraka wa kurasa tisa ulioeleza kwa nini hakuna chakula. Sultani akausoma wote, kwa mazoea, kisha akaugeuza kana kwamba wali ungekuwa upande wa pili.

Hapo Bi Kidawa akaingia, kapu la vitumbua kichwani.

"Mchana umepita," akasema Sultani kwa hasira. "Ahadi yako iko wapi?"

"Maulana, umekwisha kula?"

"Sijala hata tonge."

"Basi muda wangu haujapita. Nawe ulichotaka kukiona umekishika mkononi. Biashara yote imekuwa mikononi mwa wasomi, na huo ndio mchana wake. Baada ya miaka thelathini utakuwa huohuo, ila siku hiyo mimi sitakuwapo na kapu langu."

Sultani akautazama waraka, akalitazama kapu, na haya ikamshika mbele ya watu wake. Kisha akaangua kicheko mpaka kilemba kikamteleza. Akaifuta mbiu palepale. Akaamuru madirisha ya chuo yang'olewe misumari, na kila mwanafunzi amtumikie mchuuzi mwaka mzima kabla hajafungua kitabu, na shahada isitolewe mpaka watu watatu wa soko wamshuhudie. Shekhe Ghulamu naye akapewa gunia la mkaa la Bi Kidawa, alibebe mwezi mmoja.

"Sasa nipe hivyo vitumbua," Sultani akamwambia Bi Kidawa, akatia mkono mfukoni.

Bi Kidawa akataja bei, na alipoona fedha inatoka akalifunika kapu. "Hapana, Maulana. Hujanisalimu."

Basi Sultani akamsalimu, akamuuliza hali ya watoto, mmoja mmoja, akalalamika kwamba vitumbua ni vidogo, akajifanya anaondoka, akakumbuka kwamba pale ni kwake, akarudi. Akanunua vitatu kwa bei ya vinne, na watu wa soko walipopata habari wakasema kwamba kwa siku ya kwanza chuoni, hakufanya vibaya.