Aliyemtia Kanga Madoa

Sogeeni karibu, na mwenye njaa avumilie kidogo, maana habari yenyewe ni ya nyama, na nyama hiyo ilichelewa kumfikia hata aliyeiwinda.

Kanga mnayemjua nyinyi, mwenye madoa meupe mwili mzima kama aliyenyunyiziwa unga, siye kanga wa enzi zile. Wa enzi zile alikuwa mweusi tii. Kichwa chake kilikuwa hiki hiki cha buluu, na mbio zake hizi hizi, lakini manyoya yalikuwa ya rangi moja toka shingoni hadi mkiani. Akisimama kivulini ungempita ukidhani ni kisiki.

Wakati huo kijiji cha Igulwa, kule kwenye misitu ya miyombo, kilikuwa na gobori moja tu. Lilikuwa la Bibi Nkamba, mjane wa mhunzi aliyelifua. Siwaambii kwamba bibi huyo alikuwa na busara kuliko wengine. Alikuwa mkali, basi, na gobori lilikuwa lake. Aliyetaka kuwinda alikwenda kuliazima, akapewa na pembe la baruti, na marisawa, zile risasi ndogo ndogo zinazotoka kwa pamoja kama punje za mtama. Jioni alilirudisha, na paja la alichokiua juu yake. Sharti lilikuwa moja: ukijeruhi mnyama, umfuate mpaka umalizane naye. Watu waliitikia ndiyo haraka haraka, kama watu wanavyoitikia masharti ya kitu wanachokitaka.

Aliyeitikia haraka kuliko wote ni Lugendo. Mkewe, Kabula, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Mhoja, na maziwa yalikuwa hayatoki vizuri. Wanawake waliomzalisha walikwisha kusema kwamba uji peke yake hautoshi, mzazi anahitaji mchuzi wa nyama. Lugendo hakuwa na kuku wala mbuzi. Alikuwa na miguu na macho, na alimpenda mkewe mno, nami nalisema hilo mapema ili msije mkamchukia.

Akazunguka msituni tangu asubuhi. Jua lilipoanza kuinama akaliona kundi la kanga likichakura kwenye uwazi, mbali, ng'ambo ya vichaka vya miiba. Mwindaji mwenye adabu angelala kifudifudi akatambaa. Lugendo aliitazama ile miiba, akalitazama jua, akawaza kwamba kanga mmoja ni mchuzi wa siku moja, na kanga watano ni mchuzi wa juma zima. Akaliongezea gobori marisawa juu ya marisawa, akashindilia mpaka mdeki, kile kijiti cha kushindilia, ukabaki umechungulia nje ya mtutu kupita kiasi. Baruti hakuiongeza, aliogopa mtutu usije ukampasukia usoni. Akafyatua.

Marisawa mengi kwa baruti kidogo, tena kwa mbali, hayaendi kwa nguvu, yanatawanyika tu. Yalitua juu ya kundi zima. Vumbi lilipotulia hapakuwa na kanga hata mmoja chini. Walikuwa wamekimbia wote, na kwenye majani makavu kila mahali palikuwa na matone ya damu.

Lugendo alisimama pale kwa muda. Alijua vizuri anachotakiwa kufanya. Kisha akajiambia kwamba giza linakaribia na mke yuko peke yake, akageuza njia akarudi nyumbani.

Kabula alikuwa ameketi mlangoni, mtoto kifuani akivuta na kulia, akivuta na kulia. Hakumuuliza nyama iko wapi, maana mikono mitupu ilikuwa imekwisha kujibu. Alimuuliza ule mlio aliousikia ulikuwa wa nini. Lugendo angeweza kusema amekosa. Alifungua kinywa aseme hivyo, akashindwa, akaeleza yote, hata habari ya mdeki.

"Baba Mhoja," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita jina hilo, "mimi nina njaa, ni kweli. Lakini mimi nimekaa nyumbani kwangu na majirani wananiletea uji. Wale wamelala porini na vyuma mwilini. Ukiniletea nyama nyingine kabla ya kumalizana nao, siili."

Lugendo alimkumbusha kuhusu maziwa. Alimkumbusha kuhusu mtoto. Kabula akajibu kwamba ni yeye anayemnyonyesha, kwa hiyo asifundishwe uchungu wake, na akamgeuzia mtoto ziwa la pili.

Kulipopambazuka Lugendo alikuwa kwa Bibi Nkamba, na gobori ambalo jana hakulirudisha. Bibi akaunusa mtutu, akamtazama mtu, hakutaka kuelezwa mengi. Alimpimia baruti ya mlio mmoja na marisawa ya mlio mmoja. Lugendo aliomba aongezewe, maana waliojeruhiwa ni wengi. Bibi akamwambia kwamba wingi ndio uliomponza jana, na kwamba mwenye kupona atapona mwenyewe. Yeye amtafute asiyeweza.

Basi akafuata damu. Nyinyi mnaopenda kusema kufuata damu ni kazi rahisi, kaifuateni damu ya kanga kwenye majani makavu. Tone hapa, halafu hakuna kitu mpaka ng'ambo ya korongo, halafu unyoya umenasa kwenye mwiba. Ile miiba aliyoikwepa jana aliipita yote kwa tumbo. Ikamchana mgongo, ikamchana masikio, shuka lake likabaki vipande vipande njiani. Mchana ukapita. Alikunywa maji ya tope akaendelea. Hakuwa akiwaza mchuzi tena; alikuwa amekaza moyo kwamba harudi mpaka amewaona.

Akawakuta kwenye mto mkavu. Kundi zima lilikuwa pale, wakichakura polepole, kila mmoja na vidonda vyake vidogo vilivyokwisha kuganda. Katikati yao alikuwapo kanga jike aliyevunjika mguu na bawa. Alijaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. Wenzake walikuwa hawajamwacha, ndiyo maana hawakuwa wamefika mbali.

Lugendo alitambaa mpaka akaliona jicho la yule jike. Alikuwa karibu kiasi cha kuiona kope ikifumba na kufumbua. Na hapo hapo, pembeni kidogo, likatokea dume limenona, shingo nene, kifua kipana, likasimama limemgeuzia ubavu. Marisawa yalikuwa yamelikwaruza tu. Lile dume lilikuwa mchuzi wa siku kadhaa. Yule jike alikuwa amekonda kwa maumivu ya usiku mmoja, mfupa na ngozi. Na gobori lilikuwa na mlio mmoja.

Nisiwafiche, mtutu ulihama. Ulikwenda kwa dume, ukatulia pale, na kidole kikawa tayari. Lugendo alikisikia kilio cha mtoto wake masikioni kama kwamba yuko pembeni yake. Alimwona Kabula mlangoni. Kisha akaurudisha mtutu kwa jike, akalenga kichwa, akafyatua. Jike akalala papo hapo, hakupapatika. Dume na kundi zima wakatoweka kwenye majani, na Lugendo akakaa kwenye mchanga akalia, kwa sababu alilolifanya lilikuwa sawa na tumbo la mkewe lilikuwa tupu vilevile.

Alifika nyumbani na kile kindege. Kabula alikipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea ng'ombe. Akakinyonyoa, akakata sehemu zilizoharibika akazitupa, akabandika chungu. Nyama ilipoiva, Lugendo alimzuia asile kwanza. Alichagua mwenyewe vipande vilivyokuwa karibu na majeraha ya jana, akatafuna polepole, akitafuta kwa ulimi vyuma alivyoviweka yeye. Kimoja kikamvunja jino. Akakitema kiganjani, akaendelea kutafuna mpaka akajua iliyobaki ni salama. Mchuzi ulikuwa mdogo, bakuli moja. Kabula aliunywa wote, na usiku ule mtoto alinyonya akalala.

Wale waliokimbia wakapona. Lakini kila palipoingia risasi, unyoya uliota mweupe, na walipotaga na kuangua, watoto wao walipokua wakawa vilevile.

Tangu hapo mwindaji wa Igulwa hafyatui mpaka alione jicho, na nyama ikiiva hutangulia kula yeye, pale palipopigwa, watu wote wakimtazama. Naye kanga hatumwoni tena mweusi. Mchunguzeni vizuri, lakini, mkikuta kiota. Kifaranga wa kanga huanguliwa hana doa hata moja. Madoa humtoka baadaye, akishafikia umri wa kuwindwa.