Foklifti Iliyomzimikia Mzee Nampungu

Isome mpaka mwisho kabla hujamtumia bosi wako.

Katika ghala moja la korosho kule Mtwara palikuwa na msimamizi aitwaye Mzee Nampungu, mtu mwadilifu ila mwepesi wa hasira. Dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, alipostaafu, akaajiriwa binti mmoja, Sikudhani, aliyekuwa akiwalea wadogo zake watatu kwa kazi hiyo. Tangu hapo Mzee Nampungu hakuwa na raha.

Kila alipoingia ghalani kukagua, foklifti ilimzimikia mbele ya macho, magunia yakiwa juu. Akitoka, inawaka tena kama haikuwa na lolote.

Akaleta mafundi wawili. Wa kwanza akabadilisha betri. Wa pili akabadilisha fyuzi na nyaya. Wapi! Mzee akaamini kwamba binti anamfanyia makusudi, na roho ikamuuma, maana alijiona mtu wa kuheshimiwa.

Akaandika barua ya kumwachisha kazi. Ila asije akaambiwa amemwonea mtu, akamwita kwanza fundi wa tatu, Chediel.

Chediel akapima umeme kila mahali, hakuona hitilafu. Akaiendesha mwenyewe asubuhi nzima, haikuzima hata mara moja.

"Umeona?" Mzee akasema. "Mashine ni nzima. Mbovu ni dereva."

"Huenda, mzee. Lakini mimi sijaiona ikizima. Mwache aendeshe yeye, na wewe utoke, kisha uingie kama kawaida yako."

Mzee akatoka, akaingia na barua mkononi. Sikudhani alikuwa anakuja na shehena ya magunia. Alipomwona tu, akasema, "Shikamoo, mzee!"

Foklifti ikazima papo hapo.

"Marahaba," Mzee akajibu kwa ukali, akamnyooshea barua. "Shika hii!"

"Ngoja kwanza," fundi akasema. "Toka uingie tena, mzee. Na wewe dada, safari hii mwamkie bila kuinuka."

"Kwani nainuka?" Sikudhani akashangaa.

"Unainuka."

Ndivyo alivyolelewa: mkubwa akipita, unanyanyuka kidogo unapomwamkia. Alizoea mno hata hakujua anafanya hivyo. Na chini ya kiti cha foklifti ile kulikuwa na swichi inayokata umeme dereva akiinuka, ili mashine isiondoke peke yake. Dereva wa zamani alikuwa rika la Mzee, wakisalimiana kwa kupungiana mkono tu.

Mzee akaingia tena. Sikudhani akang'ang'ania kiti, akamwamkia huku uso umemshuka kwa haya. Foklifti ikapita, haikuzima.

Mzee Nampungu akabaki amesimama na barua yake, aibu imemjaa. Heshima aliyokuwa akiililia ndiyo aliyotaka kuifukuza kazi. Akaikunja barua, akaitia mfukoni.

Kesho yake asubuhi alifika mlangoni mwa ghala, akaiona foklifti inakuja na mzigo. Hakungoja kuamkiwa.

"Marahaba, mwanangu!" akapaza sauti. "Marahaba, kaa hapo hapo!"

Funzo: Kosa likitokea kila ufikapo wewe, usimkague mwenzako peke yake; jikague na wewe.