Kikombe cha Kwanza Mtoni

Tulieni, mpokee mzigo huu. Mtautua wenyewe.

Palikuwa na watu watatu katika Kanisa la Mtoni. Mwinjilisti Lusekelo alijaliwa kuandika. Mzee Ndimbumi alijaliwa sauti. Akikohoa tu, kwaya ilinyamaza. Ambakisye, fundi seremala, alijaliwa kusubiri.

Mke wa Ambakisye, Tusekile, alikuwa wa Kanisa la Mlimani. Makanisa yote mawili ni ya Kiprotestanti na Biblia yao ni moja, ila katiba ya Mtoni ilisema Meza ya Bwana ni ya washarika wa Mtoni tu. Kwa miaka thelathini na minne walitoka nyumbani pamoja kila Jumapili, wakaachana njia panda. Ambakisye hakumwomba mkewe ahame, maana yeye mwenyewe asingehama.

Kisha Ambakisye akaugua kifua, akawa wa kitandani. Mchungaji wa Mtoni akamletea mkate na divai. Mgonjwa akamtazama Tusekile, aliyejitenga mlangoni.

"Mchungaji, huyu ndiye anayenigeuza na kuniosha. Akibaki mlangoni, nami nabaki naye."

Akakataa mwezi huo, na iliyofuata, hata habari zikafika kila mtaa.

Lusekelo aliposikia, aliketi na katiba. Aliandika mara saba kifungu kipya cha kuwafungulia Meza washarika wa Mlimani, akakipeleka mtaa kwa mtaa kwa miguu. Wenye mashaka waliogopa haraka, basi akawaongezea sharti: kifungu kikipita, kisomwe kanisani Jumapili tatu, kama ndoa inavyotangazwa, ndipo kianze kazi.

Siku ya Sinodi, mkutano mkuu wa kanisa, ilionekana wazi kwamba kura hazitafika theluthi mbili zinazotakiwa. Ndipo Ndimbumi akasimama. Huyu ndiye aliyewahi kumtoa Tusekile kwenye foleni ya Meza, siku mwana wa Tusekile alipopata kipaimara, watu wakitazama.

"Nilimshika mkono nikamtoa," alisema. "Nilidhani namlinda Bwana. Ndugu zangu, Bwana hakunituma."

Akaketi. Kifungu kikapita kwa kura moja.

Kikasomwa Jumapili ya kwanza. Kikasomwa ya pili. Tusekile akamwendea mchungaji, akamwomba afumbe macho kidogo tu, awape wote wawili mkate na divai, maana mgonjwa anaondoka. Mchungaji akalia naye, akasema imebaki Jumapili moja. Alhamisi Ambakisye akafa, midomo imemkauka.

Jumapili ya tatu ilipopita, Meza ikaandaliwa kwa makanisa yote mawili. Wazee wakasema kikombe cha kwanza apewe aliyeifungua Meza, na Tusekile ndiye amtaje. Ndimbumi akanong'ona kwamba yeye asitajwe. Lusekelo hakuinua uso. Wengine wakataka nafasi ya Ambakisye iachwe wazi, kikombe kisimame hapo kwanza. Wengine wakajibu kwamba marehemu hanywi.

Tusekile akamtazama Lusekelo, akaziona zile Jumapili tatu. Lakini bila hizo, nani angekubali? Akamtazama Ndimbumi, mkono ukamuuma pale aliposhikwa. Lakini bila sauti ile? Akamkumbuka mumewe, hasira ikampanda pamoja na machozi. Angekunywa tu. Hata peke yake, angekunywa.

"Mama, nianze na nani?" mchungaji akauliza, kikombe mkononi.

Tusekile hajajibu. Washarika wamesimama, wanamngoja. Nanyi mliosikia yote, kama mngekuwa yeye, mngemtaja nani?