Kinu Langoni kwa Mzee Shekolowa

Mguu usiofika chini hauchagui pa kusimama. Mmelisikia neno hilo jana pale kwenye duka la pikipiki, mkacheka, mkidhani limetungwa kuwasema watu wafupi. Sogeeni basi, lina kwao. Lilizaliwa huku huku milimani Usambara, na aliyelizalisha ni fundi cherehani wa Kwembago, jina lake Mbelwa.

Mbelwa alikuwa mfupi, hilo halikuwa siri. Akisimama katikati ya watu mliona kofia tu. Lakini mikono yake ilikuwa na baraka. Suruali aliyoishona haikuwahi kurudishwa. Alipenda kusema kwamba nguo hupimwa mwilini, haipimwi kwa macho, na futi yake ya kupimia haikushuka shingoni hata siku ya sikukuu. Kilichomshinda ni kutulia. Hata akiwa amekaa barazani, mguu wake ulichezacheza kana kwamba bado uko kwenye pedali ya cherehani. Mchana kutwa alipanda na kushuka vilima, nyumba hii akipima sare za watoto, ile akipeleka gauni, mpaka magoti yakaanza kumlaumu. Ndipo akaamua kununua pikipiki.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Alimtaka Mashavu, binti wa Mzee Shekolowa, na alimtaka kweli, hata vifungo alikuwa akivikosea. Ukoo wa Shekolowa ni watu warefu. Kila alipokwenda kwao kupima nguo, Mbelwa alizungumza na vifua vyao, nao walimjibu wakiwa wameinamisha shingo. Lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Dukani mjini alimkuta muuzaji, mama mmoja mtaratibu, aliyemuuliza anapita njia gani, anabeba nini, na kwa siku anasimama mara ngapi. Maswali ya kifundi hayo, na angekuwa ndiye muulizaji angeyasifu. Hakuyajibu. Jicho lake lilikuwa limeshatua kwenye pikipiki nyekundu, ndefu, madigadi yake juu juu, ya watu wa mbio za porini. Aliipandia kwenye ngazi ya baraza la duka, akazunguka uwanja mara moja, akairudisha pale pale kwenye ngazi. Katika kuzunguka alimpita mtu mrefu, akamwona utosi. Mambo yakaishia hapo. Yule mama alimwonyesha na nyeusi moja ya chini, yenye keria pana. Mbelwa akasema hiyo ni ya kubebea mkaa, akailipia ile nyekundu.

Kosa alilijua siku hiyo hiyo, mlangoni kwake. Alipunguza mwendo, akashusha mguu, mguu ukaitafuta ardhi usiione. Akalala chini, pikipiki juu yake.

Mtu mwingine angeirudisha. Yeye akaanza kujifunza mawe. Akajua nyumba yenye jiwe, yenye kichuguu, yenye ukuta wa kuegemea. Wenye mawe walipata nguo zao. Wasio na mawe walimwona anapita kasi, anapaza sauti kwamba atarudi, na kweli alirudi, akapita tena. Watu wakasema fundi amekuwa na majivuno siku hizi, hasimami kusalimia. Yeye aliwaacha waseme, maana kuitwa mwenye majivuno ilikuwa afadhali kuliko kusema ukweli. Usingizi ulimpungua. Alilala akiyahesabu mawe ya kesho.

Posa ikapelekwa, mshenga akarudi na uso mkunjufu. Lilibaki jambo moja: bwana harusi mwenyewe aende akaonekane na wazee. Kwa desturi husimama langoni, hushuka, husubiri kukaribishwa. Kuingia uani mwa watu ukiwa umepanda chombo ni sawa na kuwaambia hawana mlango. Mshenga alimsihi aende kwa miguu. Mbelwa hakutaka kusikia. Kwa muda mrefu alikuwa akiingoja siku ya kuwatazama ukoo wa Shekolowa uso kwa uso, na kwao jiwe lilikuwepo, kubwa, upande wa kushoto wa lango. Alikuwa ameliwekea mguu mara nyingi akimletea Mashavu magauni.

Sasa sikilizeni ubaya wa heshima. Asubuhi ile watu wa Shekolowa walifagia njia, wakang'oa mawe yote langoni wageni wasijikwae. Lile kubwa walilivingirisha mpaka bondeni.

Baada ya sala ya alasiri Mbelwa akatokea, kanzu imenyooka, futi shingoni. Wazee walikuwa wamesimama langoni mstari mmoja. Aliangalia kushoto, akaona udongo uliofagiliwa. Akapita. Shikamoo yake ilianzia kwa mzee wa kwanza ikaishia migombani. Akageuza, akarudi, akapita tena, mkono mmoja kifuani kwa adabu. Mara ya tatu aliona wazee wananong'onezana. Mara ya nne mmoja alikuwa ameshainama kuukunja mkeka waliomtandikia, na Mbelwa akajua kwamba mkeka ule ukishakunjwa, Mashavu hatampata tena. Kuanguka mbele yao hakuweza. Kusimama hakuweza. Aliendelea kuzunguka, machozi yanamtoka, na upepo hauwezi kulaumiwa kwa machozi yale.

Mashavu alikuwa akichungulia kutoka jikoni. Yeye alikuwa amekwishaona mara nyingi mguu ule ukilitafuta jiwe. Akachukua kinu kidogo cha kisamvu, akapita katikati ya wazee bila kuomba njia, akakipindua juu chini langoni. Mama yake akashika kichwa, kwa maana kinu hakikaliwi, seuze kukanyagwa na kiatu.

Mbelwa akaja, akashusha mguu juu ya kinu, akazima injini. Hakuna aliyecheka.

"Umetuzunguka zaidi ya mara nne, fundi," alisema Mzee Shekolowa. "Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, baba. Miguu yangu haifiki chini."

"Na ulijua hivyo?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

Mzee akakitazama kinu, akamtazama na binti yake. "Mguu usiofika chini hauchagui pa kusimama," alisema polepole. "Leo umesimamishwa na kinu cha mwanangu. Kesho amekaa nyuma yako, mtoto mgongoni, ng'ombe amekatiza njia. Huko nani atakuwekea kinu? Ufupi wako sina neno nao. Nenda, ukirudi uje na kitu unachokifikia."

Mkeka ukakunjwa. Mbelwa aliikokota pikipiki kwa mkono mpaka Kwembago, na alipopita kwenye nyumba zisizo na mawe, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, alisimama akasalimia.

Kesho yake alikuwa dukani kwa yule mama. Safari hii alijibu yote: njia ni ya mawe na miteremko, mzigo ni mafurushi ya vitambaa, kusimama ni mara thelathini kwa siku. Kisha akaivua futi shingoni, akajipima mwenyewe kutoka pajani hadi kisiginoni, akaenda kukipima kiti cha ile nyeusi ya kubebea mkaa.

Ijumaa iliyofuata Mzee Shekolowa alisikia mngurumo, akatoka langoni peke yake. Mawe yalikuwa bado hayajarudishwa. Mbelwa alipunguza mwendo, akachagua mahali, hatua mbili kutoka alipo mzee, akasimama. Miguu yote miwili ikakaa udongoni. Nyuma, kwenye keria pana, kilikuwa kimefungwa kinu kipya cha mvule pamoja na mchi wake.

Akainua uso juu, kama zamani, akatoa shikamoo yake mpaka mwisho.

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee. "Shuka, karibu ndani." Akageuka kuwaambia walio uani watandike mkeka.

Kwa hiyo nunueni mnachotaka, vijana, hela ni zenu. Ila kabla ya kuipenda rangi, pandeni mbali na ngazi ya duka. Mguu usiofika chini hauchagui pa kusimama.